Jiko Puani mwa Ndege

Isevya, Tabora
Jumatatu, 3 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nasali, na chumba changu hapa Isevya kina kufuli mbili. Sasa tulia usome, maana nina jambo limenikaa kifuani tangu Ijumaa, na hapa hakuna wa kumwambia akashangaa kama utakavyoshangaa wewe.

Baba, ndege yetu ina bani, kama zako za kukaushia tumbaku.

Sikutanii. Unajua kampuni iliyoniajiri imeleta Tabora ndege ndogo ya injini mbili, ya kupiga picha za ardhi kutoka juu kiangazi hiki: misitu, mashamba, na ile njia ya zamani ya misafara. Sakafuni ina tundu la kamera, pana kama sinia, na huko inakopanda baridi inagandisha maji kwenye chupa. Nilidhani watu huvaa makoti wakavumilia. Ijumaa mkuu wangu, Fundi Wenceslaus, akafungua pua ya ndege akaniambia, "Spesioza, tazama." Nikaona dude la chuma, urefu wa mkono wangu, limelazwa humo. Ni jiko. Wao wanaliita hita. Linapewa petroli, lina plagi yake ya kuwashia, na ndege ikiwa angani ndani yake unawaka moto wa kweli, wenye ndimi.

Kuna bomba la ndani, humo ndimo moto unamowaka. Kuna gamba la nje. Upepo wa angani unapita kati ya bomba na gamba, unapata joto kwa kuligusa bomba tu, halafu unakwenda kwa rubani na abiria. Moshi una njia yake ya kutokea chini ya pua. Moto na hewa vinapita karibu kama ukucha na kidole, na havikutani. Niliduwaa hata Fundi akaniuliza kama nimeona malaika. Nikamwambia nimeona bani ya baba yangu: tanuru nje, mabomba ndani, moshi unakwenda zake, na tumbaku inakauka bila kuuonja.

Nijibu kwa barua kama kawaida yetu, maana tangu masikio yako yagome simu haina kazi kati yetu. Konda Shilinde wa basi la Ulyankulu anakuletea hii pamoja na sabuni.

Binti yako,
Spesioza


Ulyankulu
Jumapili, 9 Juni 2024

Binti yangu Spesioza,

Tumsifu Yesu Kristo. Sabuni imefika, na barua imefika ikiwa na alama ya dole lenye mafuta, kwa hiyo nadhani Shilinde aliisoma kabla yangu huku anakula maandazi.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisema mtoto wangu ana homa. Mara ya pili nilisema wazungu wana wazimu. Mara ya tatu nilitoka nayo nje nikasimama mbele ya tanuru langu, nikatazama juu, nikatazama tanuru. Mimi nimewasha moto wa tumbaku miaka thelathini na minne. Moto ukiwa chini, miguuni pa mtu, bado unataka kuangaliwa kama mtoto mchanga. Leo unaniambia watu wameufunga puani wakaruka nao.

Kila mwaka nafundisha watoto wa kipaimara habari za nabii Eliya aliyepandishwa mbinguni kwa gari la moto. Kila mwaka mtoto mmoja lazima aulize, "Mwalimu, hakuungua?" Nami humwambia akae chini. Sasa nina jibu: palikuwa na gamba.

Ila nina maswali, na usinijibu juujuu. Bomba hilo ni la chuma gani? Nani analikagua? Na analikagua likiwa na moto au limepoa?

Hapa tu wazima. Bani mpya naiezeka upya kabla ya msimu. Ile ya zamani bado imesimama, nimewaachia mchwa. Mama yako angekuwepo angeisoma barua hii kwa sauti mpaka majirani waje. Mungu amrehemu, kazi zilimmaliza mapema.

Ni mimi baba yako,
Katekista Ferdinandi Nijimbere


Isevya
Jumapili, 16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Ile ya Eliya nilimsomea Fundi Wenceslaus, akacheka mpaka akakalia tairi.

Majibu yako haya. Chuma ni chembamba, kisichoshika kutu. Anayelikagua ni Fundi mwenyewe. Analitoa, analiweka mezani likiwa limepoa, analisukumia hewa na kutazama kama mshale wa geji unashuka. Januari haukushuka. Ananiambia zamani, kabla ya majiko haya, kulikuwa na ndege kubwa zilizopitisha mabomba ya moshi wa injini katikati ya chumba cha abiria, watu wakaota joto lake. Nawafikiria wale watu kila ninapofunga bolti: wamekaa kando ya bomba la moshi, wamevaa kofia zao, na chini yao ni mawingu.

Sasa nikuambie la rubani wetu, maana limenikosesha raha. Anaitwa Thani Muhanna, mwenyeji wa hapa mjini, katika wale Waarabu wa Tabora ambao mababu zao walikuwa wafanyabiashara wa misafara. Anasema babu wa babu yake alitembea miezi mitatu kutoka pwani mpaka hapa, na yeye anaiona njia nzima kabla kahawa yake haijapoa. Ni mtu wa mzaha na adabu pamoja. Lakini wiki mbili hizi akishuka analalamika kichwa. Jumanne alikwenda upande wa mashariki, na reli ilipaswa kuwa kulia kwake. Akashtuka yuko juu ya Kigwa, reli iko kushoto, na hakumbuki kuigeuza ndege. Akafungua kidirisha, baridi ikampiga, akili ikarudi. Alitusimulia kama kichekesho. Mimi nilikuwa namtazama midomo, ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyetafuna tambuu.

Nilimuuliza Fundi kama si hita. Akasema ni uchovu, na geji haisemi uongo. Mbele ya rubani kuna kikadi cha kugeuka rangi hewa ikichafuka, lakini kimezeeka na kupauka. Kipya kimeagizwa.

Alhamisi tarehe 27 ni zamu yangu kupanda. Mara yangu ya kwanza, Baba. Nitakaa nyuma niangalie kamera saa nne nzima. Uniombee. Na uniambie: kwa nini uliuliza habari ya moto au kupoa?

Spesioza


Ulyankulu
Jumapili, 23 Juni 2024

Spesioza,

Leo sianzi na salamu. Usipande ndege hiyo, na rubani wako asipande, mpaka mfanye ninayokuandikia. Barua hii nimempa Shilinde mkononi na nimemwapisha.

Kwanza kazi, halafu nitakuambia nilichokuficha.

Bomba halikaguliwi likiwa baridi. Chuma kikipoa hujikunja, ufa ukafumba. Kikipata moto hutanuka, ufa ukafumbua. Geji yenu haisemi uongo, inasema kweli ya bomba lililopoa. Litoeni jiko hilo nje, mlivue gamba. Mtafute chokaa, au msage chaki za shule, mkoroge na maji mpaka uwe uji mwepesi, mlipake bomba zima na mliache likauke. Kisha mliwashe, mahali pa wazi. Penye ufa moshi utajichora wenyewe, mstari mweusi juu ya weupe. Usibishane na mkubwa wako. Mwambie atazame.

Sasa lile jingine. Mama yako hakumalizwa na kazi. Advera alikufa ndani ya bani.

Ilikuwa Machi 2011, siku ya sita ya kukausha. Majani yalikuwa tayari, tunamalizia vikonyo. Siku hiyo tanuruni huwa makaa matupu, mekundu, hayana moshi hata wa kumkereketa mtu koo. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakutuachia neno la moto usiofuka, ambao hewa yake inaua bila harufu na kuacha midomo myekundu. Yeye aliingia kutazama fito za juu, mimi nikaenda kwa Lugembe kuazima shoka. Nikakaa huko nikapiga soga. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, midomo yake myekundu, mzuri kuliko siku niliyomuoa. Nilidhani amesinzia. Nilimwita mara nyingi kabla sijamgusa.

Bomba lile nilikuwa nimelikagua mara mbili kabla ya msimu, kwa macho na kwa mkono. Lilikuwa baridi, na lilikuwa zima. Baada ya mazishi nililipaka chokaa nikawasha moto, nikauona mstari, mrefu kama kidole changu cha kati. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa usiouona utauzibaje? Lakini hayo ni maneno ya kujitetea, na nimejitetea vya kutosha.

Niliona haya, Spesioza. Mkaushaji anayesifiwa Ulyankulu nzima, na bomba lake limemuua mkewe. Nikawaambia watu kwamba mwili ulizidiwa na kazi, nanyi watoto nikawaambia hivyo hivyo. Bani ya zamani siigusi kwa sababu hiyo. Mchwa ni kisingizio.

Uliponiandikia habari ya midomo ya rubani niliiweka barua chini, nikachukua kalamu.

Unikasirikie baadaye. Kwanza chokaa.

Baba


Tabora mjini
Jumamosi, 29 Juni 2024

Kwa Mzee Ferdinandi Nijimbere,

Shikamoo Mzee, na salaam nyingi. Mimi ni Thani Muhanna, rubani. Hatujaonana, ila ni haki yako kupata habari hii kutoka kwangu, maana bila barua yako kichwa kinachokuandikia kisingekuwepo.

Barua yako ilifika Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi tulimkuta binti yako hanga, ameshaitoa fyuzi ya hita na kuitia mfukoni. Akasema leo ndege haipati moto mpaka tuutazame. Fundi Wenceslaus alimjia juu, akamwambia arudi kwao kwenye tumbaku. Mimi nami, nasema kweli, nilikuwa upande wa Fundi, kwa kuwa picha zilichelewa na anga ilikuwa safi. Ndipo akanigeukia akasema, "Kaka Thani, mama yangu alikutwa na midomo kama yako." Akatueleza yote, taratibu, kama anayesoma orodha ya vifaa. Fundi akavaa kofia yake akaondoka. Tukadhani amekwenda kushtaki. Alirudi na boksi la chaki, amekwenda kuziomba shule ya msingi.

Tuliliwasha jiko kwenye nyasi nyuma ya hanga, tumeliwekea feni kubwa badala ya upepo wa angani. Bomba lilikuwa jeupe kama yai. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ukaanza kutokea mstari, mwembamba kama unywele, ukawa unarefuka wenyewe mbele ya macho yetu. Mzee, mimi nimeruka miaka kumi na minane, nimeona radi ikipita chini yangu, na sijawahi kuogopa kama nilivyouogopa mstari ule. Nilikuwa nimeupanda safari kumi na moja. Fundi alivua kofia akaketi kwenye nyasi. Lilipopoa alilipima tena kwa geji. Mshale haukushuka.

Spesioza hakulia wala hakufurahi. Alirudisha fyuzi mezani, akatoka nje ya geti kwa miguu. Kazini amerudi, lakini hasemi. Nadhani anakuandikia kichwani.

Mama yangu, Bi Haifa, amekupikia halua. Nimempa Shilinde.

Wako mtiifu,
Thani Muhanna


Ulyankulu
Jumapili, 7 Julai 2024

Binti yangu,

Halua imefika nusu bakuli. Shilinde anasema ni joto.

Rubani ameniandikia yote. Namshukuru Mungu, nawe nakushukuru. Basi limekuja mara nne bila barua yako, na mara nne nimekwenda kituoni nikajifanya nasubiri mbolea. Ukitaka kunitukana, nitukane. Barua ya matusi nayo ni barua.

Baba yako


Isevya
Jumatatu, 15 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua nne nikazichana. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Nimekukasirikia, lakini si kwa sababu ya bomba. Bomba lilimdanganya hata Fundi Wenceslaus mwenye vyeti vya nchi tatu. Nimekukasirikia kwa ulilolisema baadaye.

Asubuhi ya siku aliyokufa, mama aliniambia niende porini kuchukua mzigo wa kuni. Nilikataa. Nilikuwa na miaka tisa, nataka kucheza rede, nikamjibu vibaya mbele ya wenzangu. Akaenda mwenyewe, akarudi nao kichwani. Jioni ukatukalisha ukatuambia mwili wake ulizidiwa na kazi. Nikajiuliza ni kazi ipi, nikapata jibu: kuni zangu. Kwa miaka kumi na mitatu nimejua kwamba mimi ndiye niliyemuua mama. Sijamwambia padri hata mara moja, na kila nilipokwenda kuungama nilitoka nimebaki nalo. Wewe ulisema uongo ule ili ujisitiri, Baba. Mzigo wake niliubeba mimi.

Mstari ulipotokea kwenye chaki, wenzangu walimwona Thani aliyepona. Mimi niliona kwamba mama hakufa kwa ajili ya kuni. Nilitembea mpaka Kipalapala, nikaketi kwenye ukuta wa seminari, na sikumbuki nilifikaje. Nilikuwa mwepesi, na nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, vyote kwa wakati mmoja. Sasa hivi bado ni vyote viwili.

Bomba jipya limeagizwa. Jumamosi tarehe 10 Agosti tunairusha ndege kulijaribu, na kiti kimoja ni kitupu. Nimemwomba mwenye kampuni kiwe chako, amekubali. Usidhani ni zawadi. Nataka ukae pale inapotokea hewa ya moto, nami nikae nyuma yako nikuone.

Spesioza


Ulyankulu
Jumapili, 18 Agosti 2024

Binti yangu Spesioza,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilifika salama. Shilinde amenitangaza kituo kizima, na watu wananishika koti kuona kama limelowa mawingu.

Siku ile niliposhuka kwenye ndege sikukueleza niliyoyaona. Leo nakueleza.

Mlipoliwasha jiko sikusikia mngurumo, si unajua masikio haya. Niliusikia kwa nyayo, kama ninavyolisikia tanuru langu. Halafu hewa ikanijia magotini. Uliniona nikiinama na kutia pua pale tunduni, nikakaa hivyo kama mbuzi anayelamba chumvi. Ilikuwa ya moto na haikuwa na harufu ya kitu chochote. Hilo halikunitosha, maana na ile iliyomchukua Advera haikuwa na harufu. Nikamtazama Thani midomo. Nikageuka nikakutazama wewe. Nikatazama kikadi kipya, rangi yake ni ile ile. Nikahesabu Salamu Maria hamsini, nikatazama tena. Wote mlikuwa wazima. Ndipo nikathubutu kutazama nje.

Spesioza, kioo kilikuwa kimeota barafu, hatua mbili kutoka kwenye moto. Mimi niliyeletwa nchi hii mtoto mkimbizi, mgongoni mwa baba yangu, nimekaa juu ya mawingu naota moto. Nilitaka kupiga magoti, mkanda ukanizuia. Thani akanionyesha njia ya misafara, mstari hafifu unaokwenda magharibi, na miembe michache ya wale waliopita na kufa zamani. Nikawafikiria, maelfu yao, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Halafu tukafika juu ya Ulyankulu, na bani zetu zilikuwa kama viberiti vilivyomwagika. Ile ya zamani niliitambua kwa paa lililotoboka. Miaka kumi na mitatu nimekuwa nikipita mbali nayo, na kutoka huko niliifunika kwa ukucha mmoja.

Leo baada ya ibada nilisimama mbele ya watu nikawaambia Advera alikufaje. Lugembe aliinama, maana soga tulipiga wote wawili. Kisha wazee wakauliza habari ya chokaa, nikawaonyesha kwenye bomba langu. Tumekubaliana kwamba kabla ya msimu kila bani itapakwa na kuwashwa ikiwa tupu, na mimi nitapita nyumba kwa nyumba.

Sasa kuni. Sikuombi unisamehe kwa haraka, ila hili ni mali yako na nilikuwa nimelikalia. Mama yako alipoutua mzigo ule mimi nilikuwepo, kabla sijaenda kwa Lugembe. Nilisema mtoto huyu leo namchapa. Advera alikuwa anacheka, anajipangusa shingo kwa kanga. Akanishika mkono akasema, "Mwache. Huyu hakuzaliwa kubeba kuni kichwani." Ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake. Nililizika pamoja na siku yote ile, na lingekaa huko mpaka nife. Nimelikumbuka angani, wewe umeketi nyuma yangu na daftari lako, na jiko linawaka mbele yetu. Moto ulikuwa umebebwa, na hapakuwa na kichwa cha mtu chini yake.

Hakukukasirikia, mwanangu. Alikuwa anacheka.

Ni mimi baba yako,
Ferdinandi Nijimbere